Gesi, umeme au mkaa: ulinganisho wa majiko, milo na vitafunwa kwa anayeishi ghorofani

Mtu anapohama nyumba yenye ua na kwenda kukaa ghorofani, kitu cha kwanza anachokikosa ni ua wenyewe, yaani mahali pa kuwashia jiko la mkaa, pa kuchekechea unga, na pa kumwaga maji ya kuoshea samaki bila kumkera mtu. Jiko la ghorofani ni chumba kidogo chenye dirisha moja, kabati mbili au tatu, na soketi iliyo karibu na sinki kuliko inavyopaswa. Humo ndimo anamokutana na swali ambalo uani halikumsumbua: apikie nini? Wengi hulijibu dukani kwa kulinganisha bei ya jiko na jiko, na nadhani hapo ndipo wanapopotea, kwa sababu jiko hununuliwa mara moja lakini maharage huchemshwa kila wiki. Kwa hiyo nimeanza na vyakula vyenyewe, kisha nikaviuliza kila kimoja kinataka moto gani na kwa muda gani.

Hesabu zilizomo humu ni za Dar es Salaam, na zimesimama juu ya bei mbili. Umeme nimeuhesabu kwa shilingi 356 kwa uniti, ambayo ndiyo bei inayomfikia mteja wa kawaida wa TANESCO baada ya kodi na tozo kuongezwa juu ya shilingi 292; ndiyo sababu umeme wa shilingi 10,000 huingiza uniti 28 na ushee kwenye mita ya LUKU, mwezi ambao kodi ya jengo haikukatwa. Yupo pia mteja wa daraja la matumizi madogo, ambaye hulipa shilingi 100 kabla ya kodi kwa kila uniti katika uniti 75 za kwanza za mwezi, kisha shilingi 350 kwa kila inayozidi, na huyo akipikia umeme kwa kiasi hana mshindani. Lakini mkazi wa ghorofa mwenye friji, pasi, feni na televisheni mara nyingi hayumo katika daraja hilo. Gesi nimeihesabu kwa shilingi 24,000 kwa mtungi wa kilo 6, yaani shilingi 4 kwa gramu. Ikiwa kwenu bei ni nyingine, gawanya bei ya mtungi kwa 6,000 upate bei ya gramu moja, kisha uzidishe upya.

Kuna jambo moja la kitaalamu ambalo bila hilo ulinganisho wote hauna maana. Kilo moja ya gesi ya mtungi ina nishati inayokaribia ile ya uniti 13 za umeme, lakini nusu hivi ya moto wake hupita pembeni mwa sufuria na kwenda kupasha ukuta na mpishi. Jiko la umeme la koili nalo hupoteza sehemu ya joto lake, ingawa si nyingi kiasi hicho, ilhali birika la umeme na presha kuka ya umeme hupoteza kidogo sana kwa kuwa kinachopasha joto kimegusana na chombo au kimefungiwa ndani yake. Tuchukue lita moja ya maji ya chai. Kwa birika la umeme yatachemka kwa uniti 0.1 hivi, ambayo ni shilingi 36. Kwa gesi yatataka gramu 14 hivi, ambazo ni shilingi 56. Shilingi 20 si kitu cha kugombania, lakini ukichemsha maji mara nne kwa siku kwa sababu kila mtu anakunywa chai kwa saa yake, mwisho wa mwezi utakuwa umeichezea hela ya kilo nzima ya sukari kwa hasara ambayo chupa ya chai ya lita mbili ingeizuia kwa kuchemsha mara moja tu.

Maharage, ambayo ndiyo mzani wa kweli

Ukitaka kujua jiko gani linakufaa, lipime kwa nusu kilo ya maharage makavu. Chakula hiki ni rahisi, kinashibisha, kinatosha watu watatu kwa milo miwili, na ndicho kinachokula moto kuliko vyote isipokuwa makande na kongoro.

Katika sufuria ya kawaida juu ya gesi, maharage ambayo hayakulowekwa huchukua kama saa mbili. Ukiyachemsha kwa moto mkubwa mpaka yatokote, kisha ukapunguza moto mpaka yaive, utatumia gramu 140 hadi 150 za gesi, yaani shilingi 560 hadi 600. Juu ya koili, kazi hiyo hiyo hula uniti 1.2 hadi 1.5, ambazo ni shilingi 430 hadi 530, na wakati huo huo jiko limekufungia soketi asubuhi nzima. Katika presha kuka ya umeme, ambayo hujizima na kujiwasha yenyewe kulinda presha, maharage hayo huiva ndani ya saa moja kwa uniti 0.4 hivi, ambayo ni shilingi 142. Mpaka hapo umeme umeshinda kwa mbali, na ndivyo matangazo yanavyosema, hasa tangu serikali ilipozindua mwezi Mei 2024 Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, ambao unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034.

Hata hivyo, katika ulinganisho huo ameachwa nje mshindani mmoja, na kuachwa kwake hubadilisha jibu. Sufuria ya presha ya kawaida, ile nzito yenye kizito kinachopiga mluzi juu ya mfuniko, ikiwekwa juu ya gesi hupika maharage yale yale kwa dakika 40 hivi: dakika kumi na ushee za moto mkubwa mpaka mluzi wa kwanza, na zilizobaki za moto mdogo kabisa. Gesi inayotumika ni gramu 55 hadi 60, yaani shilingi 220 hadi 240. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya akiba tunayoihesabia umeme imeletwa na presha, si na umeme. Ukihama kutoka sufuria ya wazi kwenda sufuria ya presha unaokoa zaidi ya shilingi 300 kwa kila pishi. Ukihama tena kutoka sufuria ya presha kwenda presha kuka ya umeme unaokoa shilingi 80 au 90 tu.

Tuliweke jambo hilo katika hesabu ya mwezi. Anayepika maharage mara mbili kwa wiki katika sufuria ya wazi juu ya gesi, akinunua presha kuka ataokoa kama shilingi 3,600 kwa mwezi. Kama chombo chenyewe kilimgharimu, tuseme, shilingi 150,000, maharage peke yake yatachukua zaidi ya miaka mitatu kukirudisha. Akiongeza makande, supu na nyama ya kuchemsha, muda utapungua, pengine hadi nusu. Lakini mwenye gesi na sufuria ya presha tayari asidanganyike kwamba anapoteza fedha. Hapotezi za kutosha kununua chombo kipya.

Kinachonifanya niisifu presha kuka ya umeme hakimo kwenye bei. Ni kwamba unaweza kuipangia muda, ukaenda kuoga, ukamsaidia mtoto kazi ya shule, ukarudi ukakuta imejizima. Sufuria ya presha ya kwenye gesi inataka mtu aliye macho. Usiijaze maharage na maji kupita nusu, kwa sababu povu lake huziba tundu la mvuke. Kagua mpira wa mfuniko kila baada ya muda. Na usithubutu kuulazimisha mfuniko kabla presha haijashuka. Kwa mtu anayerudi kazini saa moja usiku akiwa amechoka, au kwa nyumba ambayo wanaobaki jikoni ni watoto, tofauti hiyo ina thamani kuliko shilingi 90.

Kulowesha maharage usiku kucha na kuyamwaga maji yake hupunguza muda wa kupika kwa kiasi kikubwa katika majiko yote, na hakugharimu chochote ila kukumbuka. Magadi nayo hulainisha haraka, lakini huharibu vitamini B1 iliyomo, kwa hiyo mimi huyaacha. Na kama hutaki maharage kabisa siku ya kazi, choroko huiva chini ya saa moja hata bila kulowekwa na bila presha. Kwa hesabu ya moto, choroko ndiyo kunde ya mkazi wa ghorofa, na sielewi kwa nini tunaiachia wagonjwa na wanafunzi wa bweni.

Kuna pia njia ya kikapu: sufuria iliyochemka huondolewa motoni ikafungiwa ndani ya kikapu au boksi lililosheheni blanketi kuukuu, ikaendelea kuiva kwa joto lake yenyewe. Kwa wali na choroko ni njia nzuri na ya bure. Kwa maharage, hasa mekundu, lazima yawe yamelowekwa na kuchemka kwa nguvu dakika zisizopungua kumi kabla ya kufungiwa, kwa sababu yakiwa mabichi yana sumu ya asili ambayo joto la vuguvugu haliiondoi, na mwenye kula maharage yaliyovuguvugishwa tu anaweza kutapika usiku kucha.

Ugali, wali na chapati

Hapa mizani inageuka. Ugali haupikwi katika presha kuka, kwa sababu unataka kusongwa, na kusonga kunataka sufuria unayoweza kuikamata barabara juu ya jiko lisilocheza. Kwa gesi ni robo saa, gramu 35 hadi 40, shilingi 150 hivi, na moto unautii mkono wako papo hapo. Jiko la koili huupika pia, ila koili ni kama mzee aliyekasirika: huchelewa kupata moto na huchelewa zaidi kupoa, kwa hiyo ugali hushika chini wakati wewe umeshapunguza.

Jiko la indaksheni, lile bapa la kioo, lina kasi ya gesi na ufanisi unaoizidi gesi, lakini lina sharti ambalo wauzaji wengine hawalitaji mpaka umeshalipa: halipashi sufuria ya alumini. Chukua sumaku ya mlango wa friji uigusishe chini ya sufuria zako. Isiponata, jiko hilo litakaa kimya. Kwa kuwa sufuria za nyumba nyingi hapa kwetu ni za alumini, kuanzia ya chai hadi ya pilau, bei halisi ya jiko la indaksheni ni bei ya jiko pamoja na bei ya sufuria mpya. Kikaango cha chuma cha chapati, kwa bahati nzuri, kinanata vizuri sana.

Wali mweupe wa watu watatu hutaka gramu 40 za gesi, shilingi 160, au uniti 0.2 za presha kuka, shilingi 71. Wali wa nazi ni jambo lingine. Tui zito hushika chini na baadhi ya presha kuka hulalamika kwamba chakula kinaungua kabla hakijaungua, kwa hiyo ni salama zaidi kutumia tui jepesi mwanzoni na kulimimina lile zito mwishoni presha ikiwa imeshatoka. Anayependa ukoko apike kwa gesi. Na anayependa ladha ya wali uliopaliwa makaa juu ya mfuniko, kama wanavyoupika mama zetu wa Pwani, hana mbadala ghorofani. Nimejaribu njia nyingi na zote zinatoa wali mzuri usio na harufu ile.

Hilo linatufikisha kwenye mkaa, ambao sitauzungumzia kwa urefu. Ndani ya chumba kilichofungwa, jiko la mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na watu hulala wasiamke. Roshanini hatari hiyo hupungua, lakini majivu na moshi huingia kwa jirani wa juu, na katika majengo mengi mkataba wa upangaji unakataza. Zaidi ya hayo, mkaa hauwashwi kwa birika moja la chai: ukishakoka, umekoka kwa saa nzima, upike usipike. Mwenye familia kubwa anayechemsha kongoro, maharage na maji ya kuoga kwa mfululizo uani huko aliko anaweza kuutetea kwa hesabu. Mkazi wa ghorofa ya tatu hawezi.

Umeme unapokatika, gesi huendelea kufanya kazi, na hilo ni hoja isiyohitaji maelezo. Gesi ikiisha, nayo huisha bila taarifa. Iliwahi kuniishia ugali ukiwa bado uji, wageni wakiwa sebuleni, na kijana wa bodaboda aliyeniletea mtungi alipofika chini akapiga simu kuuliza, "Dada, lifti ipo?" Haikuwapo. Tangu siku hiyo nimejifunza kupima: uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye shingo yake, kwa hiyo mizani yoyote ya kawaida itakuambia kilichobaki. Asiye na mizani amwagie maji ya moto ubavuni mwa mtungi kisha apapase. Pale joto linapogeuka ubaridi ndipo gesi ilipofikia. Muuzaji makini atakupimia mtungi kabla hujauchukua, na asiyetaka kupima mwache.

Kwa usalama, kumbuka kwamba gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hulala sakafuni badala ya kupanda na kutokea dirishani. Mtungi ukae wima, mpira na riguleta vikaguliwe kwa povu la sabuni, na ukisikia harufu usiwashe wala kuzima taa. Fungua madirisha na mlango, ufunge mtungi, na utoke. Kwa upande wa umeme, soketi ya kawaida hubeba ampea 13, ambazo ni kama wati 3,000. Presha kuka ya wati 1,000 na birika la wati 2,000 kwenye ekstensheni moja ya bei rahisi ndiyo njia ya kuiyeyusha.

Kununua kwa fungu au kwa sado

Akiba ya jikoni huanza sokoni, na hapa pia ghorofa ina kanuni zake kwa sababu kabati ni ndogo, joto ni kali na ngazi ni ndefu. Ushauri wa kawaida ni kununua kwa wingi, lakini si kila kitu kinastahili.

Mchele na maharage vinastahili. Safari moja ya soko la Tandale kwa mwezi, ukashirikiana na jirani mmoja kugawana gunia au hata nusu yake, hushusha bei ya kilo kuliko ya dukani kwa Mangi, na nauli ya bajaji ikigawanywa kwa watu wawili haionekani. Adui ni fukusi. Maharage yakikaa siku nne hivi ndani ya friza kabla ya kuhamishiwa kwenye ndoo yenye mfuniko unaokaza, wadudu na mayai yao hufa, na hilo hufanyika kwa mafungu kama friza ni ndogo.

Unga ni kinyume chake, na unategemea aina. Sembe hukaa, kwa kuwa kiini cha mahindi chenye mafuta kimeshaondolewa. Dona, ambayo ina virutubisho zaidi, imebaki na mafuta hayo, na katika joto la Dar es Salaam huanza kuchacha na kuwa chungu mapema. Kwa hiyo anayekula dona anunue ya wiki mbili tatu, wala asivutwe na punguzo la mfuko mkubwa.

Nyanya kwa sado, ile ndoo ndogo ya kupimia, ni rahisi kuliko kwa fungu la genge, na nyumba ya watu wawili hununua sado kisha ikatupa robo yake. Isipokuwa uko tayari kuzichemsha zote siku hiyo hiyo, kuzisaga na kuzigandisha katika vifuko vya pishi moja moja, fungu la genge ndilo nafuu. Mimi huzichemsha Jumamosi pamoja na vitunguu, nikiutumia moto mmoja, na kati ya wiki mchuzi wangu huanzia nusu ya safari.

Mafuta ya kupima dukani huonekana rahisi kwa sababu unatoa hela kidogo, lakini ukijumlisha vipimo mpaka vifike lita, mara nyingi umelipa zaidi ya chupa. Hapa kununua dumu kunalipa, kwa sharti kwamba dumu kubwa halikufanyi uwe na mkono mwepesi wa kumimina.

Kuhusu karanga na mahindi ya kununua kwa wingi, kuna tahadhari inayozidi hesabu. Nafaka na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu huota ukungu unaotoa sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara kupitia mahindi. Kukaanga hakuiondoi yote. Kabati iliyo chini ya sinki, ambayo wengi wetu tumeigeuza stoo, ndiyo mahali pabaya kuliko pote pa kuweka karanga. Zilizobadilika rangi, zilizosinyaa au zenye ladha chungu zitupwe bila huruma.

Vitafunwa: vya kununua na vya kupika

Watu hudhani kila kinachopikwa nyumbani ni nafuu. Kwa maandazi na vitumbua vya watu wawili si kweli. Andazi hutaka mafuta ya kuelea, kiasi cha lita nzima karaini, ambayo baada ya kutumika mara mbili au tatu yanapaswa kumwagwa. Hutaka pia saa moja ya kukanda na kuumua, na jiko la ghorofani hubaki likinuka mafuta mpaka jioni. Mama aliye kona ya mtaa anapika mia mbili kwa mafuta yale yale, na hesabu yake huwezi kuishinda. Nunua kwake matatu ya moto, uyale siku hiyo. Ikiwa nyumba yako ina watoto wanne na wageni wa Ijumaa, hesabu hubadilika na kupika kunaanza kuwa na maana.

Chapati ziko katikati. Zinatumia mafuta kidogo, na kazi kubwa ni kukanda, kwa hiyo ukikanda za siku moja au za siku nne uchovu ni ule ule. Ukisukuma kumi na tano, ukazichoma nusu kuiva, ukazipanga na karatasi katikati na kuziweka frizani, kila asubuhi unamalizia mbili kwa dakika tatu. Chapati za maji ni rahisi zaidi, na kwa anayeanza maisha peke yake ndizo ningemshauri kabla ya zote: unga, yai, maji, kitunguu kidogo, na kikaango kimoja.

Viazi vitamu, mihogo, magimbi na mahindi ya kuchemsha vipikwe nyumbani pasipo mjadala, na hapo presha kuka hupata kazi ya pili, kwa kuwa viazi vitamu huiva kwa dakika kumi na ushee za presha kwa maji kikombe kimoja. Mhogo wa kuchemsha wenye chachandu ya nyanya na pilipili hushibisha kuliko sahani ya chipsi na hauna lita ya mafuta nyuma yake. Chipsi mayai, kwa upande wake, ni chakula cha kununua. Kukipika ghorofani kwa ajili ya mtu mmoja ni kuchafua jiko kwa ajili ya furaha ya dakika tano.

Bisi ni kitafunwa kinachodharauliwa. Kitafunwa cha dukani kilichopakiwa kwa plastiki inayong'aa hakiwezi kushindana na bei ya kiganja cha mahindi ya bisi, kijiko cha mafuta na dakika nne za gesi. Yakikataa kupasuka, mara nyingi tatizo ni ukavu: punje hupasuka kwa unyevu uliofungiwa ndani yake. Weka mahindi katika chupa, nyunyiza kijiko cha maji, funga, tikisa, uache siku mbili tatu.

Friji na kiporo

Friji ndogo hula uniti 0.5 hadi 1 kwa siku, kwa hiyo ukichukua 0.6 ni shilingi 6,400 hivi kwa mwezi. Je, inajilipa? Kwa anayepika kila siku na kula kila kitu, hapana. Kwa anayepika Jumamosi na Jumatano, ndiyo, kwa sababu nusu kilo ya maharage yaliyogandishwa katika vibakuli viwili ni moto mmoja uliozaa milo miwili.

Kiporo cha wali ndicho kinachotaka uangalifu. Wali ulioachwa mezani usiku kucha katika joto la Pwani hukuza bakteria ambao sumu yao haifi kwa kupashwa moto asubuhi, hata ukipashwa mpaka uunguzwe. Uingie frijini ndani ya saa moja au mbili ukiwa umetandazwa upoe haraka, na uliwe kesho yake. Asiye na friji apike wali wa kutosha mlo mmoja tu, kiporo chake kiwe ugali wa kuchoma au chapati. Tui la nazi huharibika upesi zaidi ya yote, kwa hiyo maharage yaliyokusudiwa kugandishwa yagandishwe kabla ya kuungwa, na nazi ikunwe siku ya kula.

Nani achague nini

Mseja anayekaa chumba na sebule, anayepika jioni tu, anatosheka na mtungi wa kilo 6, jiko la pleti moja au mbili, birika la umeme na sufuria ndogo ya presha. Akitumia gramu 100 kwa siku, mtungi utamfikisha miezi miwili.

Familia ya watu wanne au watano inayotumia gramu 200 na zaidi itaumaliza mtungi huo ndani ya mwezi, na kwao mtungi wa kilo 15 hupunguza safari za ngazi; mara nyingi pia bei yake kwa kilo huwa chini, jambo la kuhakikisha kwa kugawanya kabla ya kulipa. Hao ndio ningewashauri kuongeza presha kuka ya umeme, kwa sababu wanapika maharage, makande na nyama mara nyingi kiasi cha kuirudisha gharama, na kwa sababu vyungu viwili vinaweza kuiva kwa wakati mmoja, wali huku na mboga kule.

Aliye katika jengo linalokataza mitungi anaweza kuacha gesi kabisa: presha kuka kwa vya kuchemsha, na indaksheni pamoja na sufuria mbili za chuma kwa ugali, chapati na mchuzi. Ila aweke ndani biskuti, karanga na chupa ya chai iliyojaa kwa ajili ya jioni ya giza. Na aliyebakiwa na fedha ya kitu kimoja tu mwezi huu, huku mtungi anao, anunue sufuria ya presha ya lita 5, asiichague kwa ung'avu bali kwa kumuuliza muuzaji kama mpira wa mfuniko na kizito vya akiba vinapatikana dukani hapo hapo.